Nilivyomchangia Mama Mkwe wa Ng'ambo

Mliokuwa nami wiki iliyopita mliniacha pabaya. Niliishia nimesimama katikati ya jiko la mama mkwe wangu, sululu mkononi, vumbi mpaka kwenye kope, na ukuta mzima umelala chini. Nilitaka kumtobolea dirisha, nikaona uvivu kuweka boriti ya kushikilia matofali ya juu. Matofali ya juu nayo yakaona uvivu kubaki juu.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza: mimi ni fundi mwashi. Mtaani wananiita Kesho, na sababu anaijua kila mtu aliyewahi kunipa kazi. Mama mkwe ni mkunga mstaafu. Nusu ya watu wa mtaa wake walipokelewa na mikono yake, na nusu iliyobaki wanamwogopa.

Siku ile ile ukuta ulipoanguka, mke wangu alihamia kwa mama yake. Alisema anakwenda kumsaidia kupika nje. Aliondoka na nguo zake zote, pasi, na godoro. Mtu anayekwenda kusaidia kupika habebi godoro.

Sharti la kurudi lilikuwa moja tu, jiko la mama lisimame. Mama mkwe na binti yake wakachanga pesa ya matofali na saruji, wakanikabidhi mimi kwa sababu ndimi ninayewajua wauzaji. Nikaapa mbele yao kwamba Jumatatu gari litashusha matofali mlangoni.

Basi Jumamosi yake, pesa ikiwa bado kwenye simu yangu, nikaenda kuangalia televisheni kwa rafiki yangu.

Huyu rafiki ni fundi wa kupaka rangi, tunamwita Rangi Mbili. Sebule yake ina kuta nne na kila ukuta una rangi ya mteja mwingine, masalio ya ndoo. Siku hiyo ilikuwa imejaa majirani, kwa sababu kituo kimoja kilikuwa na kipindi kinaitwa Nyoosha Mkono. Kipindi chenyewe kilikuwa cha kuchangia watu wa nchi moja ya ng'ambo waliopigwa na tetemeko la ardhi. Mtangazaji alivaa suti nyeupe. Nyuma yake palikuwa na meza ndefu na wasichana wamekaa na simu, na kila simu ikiita, jina la aliyetoa linatajwa hewani.

Rangi Mbili hakutaka kusikia habari ya kuchangia. Alisema pesa ikisafiri mbali hivyo hufika imekonda. Alitaka kujua ni nani aliyewahi kumwona mtu wa ng'ambo akisema asante nilipata. Akasema kama nina uchungu sana na wasio na paa, niangalie la kwake linavyovuja.

Mwalimu wa shule ya jirani akambishia. Akasema njaa haina ng'ambo, na hata sisi siku yetu ikifika tutatamani mtu wa mbali anyooshe mkono. Wakabishana mpaka chai ikapoa.

Mimi nilikuwa nasikiliza majina.

Maana muuza nyama wa kona, mtu ambaye mizani yake naijua, alikuwa ametajwa hewani dakika chache kabla, na sebule nzima ikampigia makofi hayupo. Na mimi kwa wiki kadhaa jina langu lilikuwa halitajwi bila neno ukuta kufuata. Nilitaka kwa mara moja tu nitajwe kwa jambo jingine. Huo ndio ukweli, na ningeweza kuupamba lakini nimeshachoka.

Ndipo ikaja ile picha.

Mama mzee amekaa kwenye kigoda, ameipa kamera mgongo, anapika kwenye mvua. Mbele yake moto unafuka moshi bila kuwaka. Pembeni ukuta umeporomoka, paa limening'inia upande mmoja, kifusi kimemzunguka. Muziki wa huzuni ukaingia chini chini.

Nikawaeleza wenzangu, kitaalamu, machozi yakinilengalenga. Nikawaonyesha jinsi tetemeko lilivyokata ukuta katikati na kuacha kona zimesimama. Nikasema tetemeko la namna hiyo halina huruma hata kidogo. Rangi Mbili akasema lazima aliyejenga ukuta ule alikuwa fundi duni. Nikamkatalia. Nikasema ukuta ulikuwa mzuri, ila kilichoupiga ndicho kilikuwa na nguvu zisizo za kawaida.

Kisha nikatoa simu nikatuma, na ujumbe kwamba anayetoa ni fundi mwashi. Nikatuma yote. Sikubakiza hata ya tofali la kukalia.

Haukupita muda, mtangazaji akashika sikio, akasema amepata habari ya fundi mwashi mmoja, mtu wa hali ya kawaida, aliyetoa mchango mkubwa kuliko wote wa saa ile. Sebule ikalipuka kwa makofi. Mwalimu akanikumbatia. Mke wa Rangi Mbili akanipa kiti chenye mto.

Nikiwa bado naupanga mto, ile picha ikarudi, kamera ikazunguka, na yule mama mzee akageuza uso.

Alinitazama. Najua alikuwa anatazama kamera, lakini mimi alinitazama kama anavyonitazama siku zote, yaani kama mtu anayeangalia mtoto aliyezaliwa na miguu mbele. Na kwenye kona ya picha, juu ya kifusi, nikaiona pima maji yangu, ile ya kupimia kama ukuta umenyooka, niliyoitafuta wiki nzima.

"Kesho," Rangi Mbili akasema taratibu, "huyo si mama mkwe wako?"

Nilitamani ardhi inimeze, lakini kwa siku hiyo haikuwa adabu kuomba ardhi ifanye lolote.

Simu yangu ikaita. Mke wangu.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Mama anapigiwa simu na ndugu zake. Wanamuuliza amehamia ng'ambo lini, na kwa nini hakuaga. Shangazi mmoja ameanza kulia, anasema kumbe mama ana shida hivyo na hasemi. Na matofali umeshaagiza?"

"Yako njiani," nikasema.

Sikuwa nimedanganya kabisa. Pesa yake ilikuwa njiani, ila si njia ya kuja kwake.

Jumatatu, siku ambayo gari lilipaswa kushusha matofali, mimi nilikuwa kwenye mapokezi ya kituo cha televisheni, nimevaa shati la harusi. Nikapelekwa kwa mtayarishaji wa kipindi, mama mmoja mwembamba mwenye miwani kichwani na nyingine machoni. Nikamwambia nimekuja kuomba pesa yangu irudi. Nikaeleza kwamba haikuwa yangu hasa, ilikuwa ya matofali ya jiko, na jiko lisiposimama nyumba yangu nayo haina mtu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavua miwani ya machoni akajifuta.

"Yaani ulitoa pesa ya matofali ya jiko," akasema. "Jamani. Ya jiko."

Nilipoona analia nikadhani nimeshinda. Kumbe alikuwa ameshapata mgeni wa Jumamosi. Akaniambia pesa imeshaingia kwenye mfuko na haitoki ila kwenda kwa walengwa, lakini Jumamosi ndiyo kilele cha kipindi na nitakaa kiti cha mbele, nitahojiwa, taifa zima linione. Kusudi watu wajifunze kutoa.

Hapo nikaona bora nimwage mtama. Nikamwambia yule mama wa kwenye picha hatoki ng'ambo. Anakaa mwendo wa dakika chache kutoka hapo kituoni, na ni mkunga mstaafu, na ni mama mkwe wangu.

Aliinuka akafunga mlango. Akaniambia, sauti imeshuka, kwamba picha za ng'ambo zilichelewa kufika siku ile. Muda wa kuingia hewani ukawakuta mikono mitupu. Mhariri akaingia kwenye ghala la picha za kituo akatafuta kifusi, akatafuta mzee, akapata vyote kwa pamoja.

"Sasa hizo picha nyinyi mlizipata wapi?" nikauliza.

Akageukia kompyuta yake. Akatafuta, akabonyeza, na sauti ya mama mkwe ikajaa chumba. Ilikuwa ni ripoti ya kipindi kingine cha kituo hicho hicho, kinachofichua mafundi wababaishaji. Ilikuwa bado haijaonyeshwa. Mama mkwe amekaa kwenye kigoda chake, sasa anaongea.

"Fundi mwenyewe ni mkwe wangu," anasema. "Sijui nianze kumlaumu kama fundi au kama mkwe. Kama fundi ningemfukuza. Kama mkwe nimeshamlisha miaka saba."

Nilikaa chini. Hakuna aliyenikaribisha kiti.

Yaani mama mkwe alinishtaki. Alimwita mwenye kamera mpaka kwake, akamwonyesha kazi ya mikono yangu, na mimi nikaitazama kazi hiyo hiyo nikalia, nikaiita tetemeko, nikailipia.

Mtayarishaji akavuta kiti chake karibu na changu. Akasema maneno ambayo mpaka leo siwezi kumlaumu kwayo sana.

"Fundi, tetemeko ni la kweli. Watu wanalala kwenye mahema, ni wa kweli. Picha tu ndiyo si yao. Ukisema Jumamosi kwamba tuliwadanganya watazamaji, hakuna atakayetoa tena hata senti, na watakaolala njaa si sisi. Ni wao."

Niliitikia kwa kichwa, kwa uzito, kama mtu anayebeba mzigo wa dunia. Nikamwambia nimeelewa, kwa ajili ya wale wa kwenye mahema nitanyamaza.

Msidhani nilikuwa nawafikiria wa kwenye mahema. Nilikuwa nafikiria kwamba nikisema picha ni ya wapi, lazima niseme pia nani aliuangusha ule ukuta. Nilipata sababu nzuri ya kuwa mwoga, nikaichukua mbio kabla haijapata mtu mwingine.

Jioni nikaenda kwa mama mkwe nikiwa nimejaa hasira zangu mpya za kushtakiwa. Zilinitosha mpaka getini. Nilipofika uani nikamkuta kwenye kigoda kile kile, chini ya kipande cha bati alichokiegemeza kwenye pipa, anachochea moto. Mke wangu alikuwa ameshika mwavuli juu ya sufuria. Wa kumfunika yeye mwenyewe haukuwepo.

Nikasema nimesikia kwamba mama amenipeleka kwenye televisheni.

"Nimekupeleka," mama mkwe akajibu bila kugeuka. "Nilikupeleka kama fundi mbaya. Hao wakanigeuza mimi mhanga. Wewe ukasalimika, mimi ndiyo nikaumbuka."

Akaeleza yaliyompata. Wanawake aliowazalisha miaka mingi walikuja na vikapu vya unga na nguo kuukuu, wakaviacha mlangoni bila kubisha hodi, wasimwaibishe. Mmoja alimwachia viatu vya mguu wa kushoto na wa kulia visivyofanana. Aliyatamka hayo kwa sauti ya kawaida kabisa, huku anakoroga mchuzi kwa kijiko.

Nikajitia busara. Nikasema pengine tunyamaze tu, maana wale watu wa ng'ambo wanaweza kukosa msaada tukisema.

Hapo ndipo alipogeuka.

"Mimi sina ugomvi na watu wa ng'ambo. Nyumba zao zimeangushwa na tetemeko, yangu imeangushwa na mkwe. Wao wapewe huruma. Mimi nipewe matofali." Akanielekezea kijiko. "Jumamosi nasikia utakuwa hapo kwenye kiti cha mbele, unapigiwa makofi. Na mimi nitakuja. Utasema yule mama ni nani, na ule ukuta ni wa nani. Ukisema, binti yangu atarudi na wewe siku hiyo hiyo, ukuta usimame usisimame. Usiposema, nitatuma mtu aje kwako achukue vyombo vyake vilivyobaki."

Nikamtazama mke wangu. Alikuwa anatazama mvua inavyoingia kwenye mchuzi.

"Na wewe unasemaje?" nikamuuliza.

"Mimi niliolewa na wewe kwa ucheshi wako," akasema. "Lakini nimechoka kuwa ndani ya kichekesho."

Hiyo iliniuma kuliko yote. Ningependelea anitukane.

Akanisindikiza mpaka getini. Akaniuliza mbona matofali hayajafika. Nikamwambia gari limeharibika njiani. Akanishika mkono kidogo, akaniambia nisiwe na wasiwasi, pesa ipo na hilo ndilo la maana. Nilitembea mpaka nyumbani nikisikia mkono wake kwenye wangu, na nikijichukia.

Jumamosi ikafika.

Studio ni ndogo kuliko inavyoonekana kwenye televisheni. Ukuta wa nyuma ni mbao nyembamba, umeegemezwa kwa vyuma. Nilipouona nikawahurumia waliokaa karibu nao, na wao wakanihurumia mimi kwa nilivyokuwa natoka jasho. Walinipaka poda mara kadhaa. Wasichana wa simu walikaa kwenye meza yao ndefu, simu zinaita mfululizo. Mama mkwe alikaa mstari wa mbele, mkoba magotini, mgongo umenyooka. Mke wangu kando yake. Rangi Mbili alikaa nyuma yao, amekuja kuona nitakavyoaibika, na aliniambia hivyo waziwazi.

Mpango wangu ulikuwa mzuri. Ningesema nusu. Ningesema yule mama ni mama mkwe wangu, na aliyeuangusha ukuta ni mimi. Habari ya pesa nisingeigusa. Hayo yangetosha kumrudisha mke wangu, na matofali ningeyatafuta kimyakimya baadaye.

Taa nyekundu ikawaka. Mtangazaji wa suti nyeupe akanikaribisha kwa mbwembwe, akanishika bega, akageukia kamera.

"Ndugu watazamaji, huyu ndiye yule fundi wetu. Na leo tumeambiwa jambo ambalo litawagusa mioyo. Pesa aliyoitoa ilikuwa yote ya matofali. Alikuwa anajenga jiko. Akaona bora jiko lake lisubiri, wenzetu wa ng'ambo wasaidike."

Watu wakapiga makofi wamesimama. Wote, isipokuwa wawili wa mstari wa mbele.

Siri ile nilimpa mtayarishaji mwenyewe, kwa mdomo wangu, nikiwa nimevaa shati hili hili.

Makofi yalipotulia, mama mkwe aliuliza kutoka pale alipokaa. Hakupaza sauti. Mkunga hana haja ya kupaza sauti ili chumba kinyamaze.

"Matofali ya nani?"

Nikamtazama mtayarishaji nyuma ya kamera. Alikuwa anatikisa kichwa, ananisihi. Nikamtazama mke wangu. Alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili, na macho yake yalikuwa tayari yameshajua.

Nikasema. Nilipoanza sikuweza kukoma. Nikasema yule mama wa kwenye picha si wa ng'ambo, ni huyu hapa, na hakuna tetemeko lililompata ila mimi. Nikasema nilitoboa ukuta bila kuweka boriti, jambo ambalo hata anayejifunza ufundi kwa wiki moja halifanyi. Nikasema picha ile ilipigwa ili nishtakiwe, mimi nikaiona nikalia, nikatoa pesa ya matofali yake kumsaidia yeye mwenyewe akiwa mtu mwingine, na sikutoa kwa huruma peke yake, nilitoa kwa sababu muuza nyama alikuwa ametajwa.

Simu zikanyamaza. Moja baada ya nyingine, mpaka meza nzima ikawa kimya. Msichana mmoja aliinua kifaa cha simu akakisikiliza, akakirudisha polepole. Nikawaona watu wa kwenye mahema, ambao sijawahi kuwaona, wamekaa wanasubiri, na mimi nimewazimia moto. Safari hii nilikuwa nawafikiria kweli.

Mama mkwe akainuka. Akapanda jukwaani bila kuitwa, akamnyang'anya mtangazaji kipaza sauti.

"Mimi ndiye huyo mama," akasema. "Sikutikiswa na ardhi. Na hii pesa ya matofali nimesikia habari zake sasa hivi, pamoja na nyinyi."

Akavuta pumzi. Nikasubiri anilaani.

"Hao watu wa ng'ambo sura zao sizijui. Kituo hiki hakikutuonyesha. Lakini kupika kwenye mvua nakujua, maana nimepika mwezi huu mzima. Moshi unaingia machoni, unga unalowa, unajiona mjinga kwenye uwanja wako mwenyewe. Kama na wao wanapika hivyo, na hawana hata mkwe wa kumlaumu, basi matofali yangu yaende. Nimetoa mimi. Si yeye, andikeni ni mimi." Akamgeukia mtayarishaji pale nyuma ya kamera. "Na nyinyi mlete picha zao wenyewe. Mtu akisaidiwa, asaidiwe kwa uso wake."

Kisha simu moja ikaita. Ikafuata nyingine. Baada ya muda mfupi wasichana walikuwa hawawezi kuzifikia zote, na Rangi Mbili, yule yule wa pesa iliyokonda, alikuwa anajipekua mifukoni huku anajifanya anatafuta leso.

Nililia, na safari hii sikuangalia kamera iko wapi.

Mtangazaji alikuwa ameshapata uhai. Mtayarishaji alipomnong'oneza habari ya mke aliyehama, hakuiacha ipite. Akakichukua tena kipaza sauti chake, akashuka jukwaani mpaka alipokaa mke wangu, akamuuliza mbele ya taifa zima: kwa haya aliyoyasikia leo, je, atarudi nyumbani?

Mke wangu alinitazama. Nilijaribu kuweka uso wa mtu anayestahili, nikaona siufahamu, nikauacha.

"Nitarudi," akasema.

Watu wakashangilia. Akanyoosha mkono kuwatuliza.

"Nitarudi leo hii. Lakini mama simwachi tena kwenye mvua. Tunakuja wote. Atapika jikoni kwetu mpaka la kwake lisimame."

Studio nzima ikasimama. Hakuna anayepiga makofi kama mtu asiyeishi kwenye nyumba inayozungumziwa.

Wasomaji wangu, hapa kuna jambo nimewaficha hata nyinyi. Nilisema kwamba matofali ningeyatafuta kimyakimya. Sikuwaambia kwamba nilikuwa nimeshaanza kuyatafuta. Sikuwa na pesa, sikuwa na wa kumkopa, na mkono wa mke wangu ulikuwa haujanitoka mkononi tangu siku ile getini. Kwa hiyo tangu Alhamisi nilikuwa nabomoa jiko letu. Tofali moja moja, kwa tindo, kwa uangalifu ambao sijawahi kuupa kazi ya mtu. Ukuta wa nyuma wote umeshatoka. Wa pembeni umebaki kiunoni. Nilitaka nimpelekee mama matofali yangu.

Mama mkwe alikuja akanishika mkono. Tangu nimwoe binti yake hajawahi kunigusa mkono, wala kuniita alivyoniita.

"Mwanangu," akasema, "twende nyumbani. Leo nataka nipike ndani."

Na kabla sijapata la kujibu, mtangazaji akageukia kamera, akawaomba watazamaji wasiondoke, kwa sababu gari la matangazo liko tayari nje, na litatufuata moja kwa moja mpaka nyumbani kwangu ili taifa lione mama akiwasha moto jikoni kwa mkwewe.